Ukuta wa Vibha na Kasuku wa Mama Mkwe

Samaki aliowachora Kamleshri waliwaharibia paka wa Belwa maisha. Aliwachora ukutani kwa kijiti cha mwanzi kilichofungwa pamba, kwa masizi ya taa na unga wa manjano, wakatoka wanene, macho yamewatoka, hata paka wa kijiji kizima wakawa wanakuja kukwaruza udongo mpaka kucha zikawaisha. Mmoja wao, paka wa nyumba ya posta, inasemekana alikonda akafa huku panya wanapita mbele ya pua yake. Alikuwa ameshaonja kwa macho kitu kizuri zaidi.

Haya, tuseme paka huyo alikufa kwa uzee. Lakini kwamba Kamleshri alikuwa na mkono, hilo hata maadui zake walikubali, na maadui alikuwa nao wa kutosha. Huko Mithila kila mwanamke anachora, kama vile kila mwanamke anavyopika wali. Ila kuna wali, na kuna wali. Harusi ikiwadia, aliitwa yeye kuchora kohbar, kile chumba ambamo maharusi hukaa siku zao nne za kwanza. Alichora yungiyungi na mashina ya mianzi, kasuku wawili wawili, kobe, samaki, na kwenye pembe nne za chumba wale naina-jogin, wanawake waliojitanda ushungi wakaacha jicho moja tu nje, ili kijicho cha watu kikiingia kikutane na jicho lililowahi kuamka. Na popote palipobaki nafasi ya kidole, alitia ua. Ukuta wa Kamleshri haukupewa ruhusa ya kupumua.

"Penye nafasi," alikuwa akisema, "ndipo shetani anapotandika mkeka."

Vibha alipoletwa nyumbani kuwa mke wa Shivesh, mtoto wa pekee wa kiume, Kamleshri alimchorea chumba kilichopita vyote. Samaki peke yao walikuwa sitini na wawili. Kwa miaka kumi Vibha alilala ubavuni mwa samaki wale, akazaa watoto wawili, akapika, akacheka, akagombana na mama mkwe wake kwa kiasi kinachompasa mkamwana mwenye adabu. Kisha mwaka mmoja, bila kumuaga mtu, akaacha vyote.

Hakuna aliyekufa. Hilo ndilo lililowaudhi watu. Pangekuwa na msiba, wangejua waje wamebeba nini na walie kwa sauti gani. Mume alikuwa na kazi yake katika kiwanda cha nguo kule Surat na kila Jumapili alipiga simu. Watoto wana afya. Mpunga umo ghalani. Mama mkwe, kwa ushahidi wa mama mkwe mwenyewe, alikuwa malaika. Na bado Vibha aliketi kando ya pampu ya maji, ndoo ikajaa, ikamwagika, ikazidi kumwagika, naye anaitazama kama ndoo ya jirani. Wali ukaungua. Nywele zikakaa wiki tatu bila mafuta. Binti yake mdogo akija kumpandia mapajani, alimshika vizuri tu, kama mtu aliyeombwa amshikie mtoto abiria mwenzake.

Ushauri ulikuja na Batasia, mke wa kinyozi, maana kila kitu huko huja na mke wa kinyozi: mialiko ya harusi, rangi ya kupaka miguu, habari za posa na habari za posa zilizovunjika.

"Bi mkubwa, huyo kakaliwa," akasema, huku akimkata Kamleshri kucha. "Kule kwenye mianzi ya bwawani yuko yule aliyekufa na uzazi. Anawapenda wenye nywele ndefu."

"Za Vibha si ndefu."

"Basi ana njaa, hachagui."

Mganga akaitwa. Akachoma pilipili na haradali, moshi ukapanda, kunguru wa vijiji vitatu wakapiga chafya mpaka jioni, na ng'ombe wa Kamleshri akatoa maziwa makali siku mbili. Vibha alikohoa, akatokwa na machozi, akarudi kuketi palepale pampuni. Mganga akatangaza kwamba pepo amekubali kuondoka, ila ameomba muda wa kujiandaa.

Shivesh akaja kutoka Surat na begi lake na aibu ya mtu aliyekuwa mbali, akampeleka mkewe hospitali ya serikali mjini Darbhanga. Kamleshri naye akaenda, ahakikishe kwamba hakuna siri ya nyumba itakayotolewa ovyo.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua.

"Unajisikiaje?" akamuuliza Vibha.

"Vizuri."

"Usingizi?"

"Vizuri."

"Chakula?"

"Vizuri."

Daktari akaandika vidonge. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi na kalamu za rangi zilizong'atwang'atwa na mtoto fulani, akamsukumia. "Wewe umetoka Madhubani, kwa wachoraji. Kama halisemeki, lichore."

Kamleshri akapata faraja. Angalau hiyo ni dawa anayoijua. Akajiweka sawa kwenye benchi, akangoja tausi. Vibha akachukua kalamu nyeusi, akaanzia pembeni, akapaka, taratibu, bila kuinua mkono, mpaka kalamu ikakatika, akaendelea na kipande. Karatasi ikawa nyeusi yote, isipokuwa mahali pamoja chini kushoto, padogo kama punje ya mchele.

"Hajamaliza," Kamleshri akamwambia daktari, kwa sauti ya kumwombea radhi. "Kuchora anajua, nimemfundisha mwenyewe. Mpe nafasi atie ndege."

"Asitiwe ndege," daktari akasema, akapenga kamasi. Akaweka kidole penye punje. "Na hapa?"

"Hapo," Vibha akasema, "ndipo ninapowasikia watoto."

Kamleshri akainama kutafuta ndala yake chini ya benchi, ingawa ndala alikuwa amezivaa zote mbili.

Njia nzima ya kurudi alinuna. "Mtu kasoma mpaka meno yamelegea," akamwambia Shivesh ndani ya basi, "na dawa yake ni kutotia ndege."

Wiki mbili baada ya hapo, Shivesh akiwa ameshaitwa kazini kwake, Vibha aliamka mapema kuliko kawaida yake, akachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, akaingia chumbani kwake, akawapaka juu samaki wote sitini na wawili. Kamleshri alipofungua mlango alipiga ukelele, bata wa bwawani wakazama na wengine wakakataa kuibuka mpaka kesho yake. Kanchan, binti wa Kamleshri, mwali wa miaka ishirini, ndiye aliyemshika mkono.

"Mama, daktari alisema mumwache achore."

"Alisema karatasi. Samaki wangu hakuwataja."

Udongo ulipokauka, Vibha akapondaponda masizi, akayakoroga na gundi, akachukua kitambaa. Hakutaka kijiti. Akapaka kwa kitambaa na kiganja, weusi wa kwenda juu, weusi wa kwenda pembeni, mpaka pale mkono ulipokoma kufika. Hakuna jani, hakuna jicho, hakuna pezi. Akaacha mahali pamoja weupe wa ukubwa wa kiganja, na humo hakutia kitu.

Kamleshri alivumilia siku tatu. Mtu mwingine angeuona ukuta ule kama msiba; yeye aliuona kama mgeni aliyekaa uchi sebuleni. Siku ya nne, Vibha alipokwenda kuanika nguo, mama mkwe akajipenyeza chumbani na kijiti chake, akachora pale penye weupe samaki mmoja. Mdogo. Mwenye adabu.

Asubuhi yake samaki hakuwepo. Weusi umempita juu, na weupe umehamia upande mwingine.

Kamleshri akamtia kasuku. Kesho yake kasuku hayupo. Akatia kobe, akafutwa pamoja na gamba lake. Hakuna aliyesema neno. Wakati wa kula walisogezeana bakuli la dengu kwa heshima zote, chukua mama, hapana anza wewe mwanangu, na vidole vya wote wawili vina masizi.

Siku ya tisa ya vita ndipo Kamleshri alipogundua jambo, akiwa anakamua ng'ombe. Mtu ambaye kwa miezi saba alikuwa hatoki kitandani kabla ya jua kufika utosini, sasa alikuwa anaamka kabla ya kunguru. Anateka maji. Anaponda masizi, na mtu hapondi masizi bila kunawa, na akinawa hupitisha mkono kichwani. Yote hayo ili kumfuta kasuku wa mama mkwe wake.

Basi Kamleshri akaacha kuwachora wazuri. Akaanza kuchora kasuku wabaya, wa kuudhi, wasioachika. Kwa fundi wa sifa zake haikuwa kazi rahisi. Ilibidi atumie mkono wa kushoto. Alichora kasuku mwenye miguu mitatu. Alichora kasuku aliyevimba kama amekula maharage. Siku moja akachora mmoja ambaye hata yeye mwenyewe alimwonea haya, akaenda jikoni kungoja.

Vibha akatokea mlangoni na kitambaa mkononi. "Mama," akasema, "kasuku huyu kapinda mdomo."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza refu tangu Darbhanga.

"Kapinda wapi?"

"Kapinda kama pua ya mganga."

Kamleshri akasema anaenda kumwangalia ng'ombe. Alikaa huko nyuma ya zizi muda mrefu, na ng'ombe peke yake ndiye ajuaye kama alikuwa anacheka au analia.

Laiti mambo yangekwenda hivyo moja kwa moja, ingekuwa ngano ya watoto. Ikaja mvua ya mwezi wa Bhado, ile isiyojua kutwa wala kucha, na Vibha akalala tena na uso ukutani. Weusi ukapanda ukafunika kila kitu, kisha hata weusi wenyewe ukakoma. Kamleshri alichora kasuku, na kasuku akakaa. Siku ya pili yupo. Siku ya tano yupo, na mdomo wake uliopinda. Katika maisha yake yote Kamleshri alikuwa amewachukia watu wengi, na wengine kwa haki, lakini hakuna aliyemchukia kama kasuku yule. Siku ya tisa akamvika Vibha viatu kwa mikono yake mwenyewe, akampandisha basi wakarudi Darbhanga. Daktari, ambaye mafua yake yalikuwa palepale, akabadilisha vidonge. Kasuku alikufa wiki tatu baadaye. Kamleshri alimkuta amefunikwa, akaligusa lile pako, bado bichi, akanusa kidole chake kama mtu anayenusa samli.

Baada ya mvua weusi ukaanza kuchujuka. Vibha akatia majivu, ukuta ukawa wa kijivu kwenye mabega. Akatia mstari mmoja wa manjano, mwembamba, unaopanda kutoka chini halafu unakwama, halafu unapanda tena. Weupe ukarudi, ukakua kama sinia. Wala hapakuwa na kitu ndani yake.

Posa ya Kanchan ilikuja mwezi wa Agahan. Bwana harusi aliitwa Mukund, mwalimu wa hesabu kutoka ng'ambo ya Sakri, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Mzee wa nasaba akafungua makaratasi yake ya mitende, akapekua vizazi saba kwa baba na vitano kwa mama, akathibitisha kwamba hakuna bibi wa fulani aliyeoana na mjukuu wa fulani. Hakuuliza nani kati ya hao wote alikuwa halali usingizi. Hilo halina safu yake kwenye yale makaratasi. Lakini shangazi za bwana harusi walimtuma mtu aulize kwa njia ya pembeni.

"Wameniuliza mimi, bi mkubwa," Batasia akasema. "Kama nyumba hii ina ugonjwa."

"Ukajibuje?"

"Nikasema mafua."

"Ahsante."

"Nimewasikia wenyewe wakisema wamevunja posa ya kule Jhanjharpur, kisa mjomba wa msichana anaongea na mti. Na kohbar ya Kanchan ni chumba kipi? Si kilekile? Bwana harusi atakaa humo siku nne hana kazi ila kutazama kuta. Mwalimu wa hesabu, tena. Hao wakitazama kitu wanataka kujua jibu lake."

Chumba kilikuwa kilekile. Nyumba haikuwa na kingine chenye mlango wa kufungwa. Kamleshri hakulala vizuri. Siku tano kabla ya harusi akachanganya ndoo ya udongo na mavi ya ng'ombe, akajifunga sari kiunoni, akaingia chumbani. Vibha alikuwa ameketi sakafuni mbele ya ukuta wake. Aliiona ndoo. Hakuhitaji kuelezwa.

"Ni siku nne tu, mwanangu," Kamleshri akasema. "Wakishaondoka utapaka tena. Ukitaka nitakusagia masizi mimi mwenyewe."

"Najua, mama."

"Kanchan akirudishiwa posa mlangoni, nani atamchukua tena?"

"Najua." Vibha akanyanyuka, akashika ndoo upande wa pili, tayari kusaidia. Kisha akauliza, bila ubishi, kama mtu anayeuliza gunia liwekwe wapi, "Ila hiki tukikifunika hapa, mama, mimi nitakiweka wapi?"

Kamleshri akaiweka ndoo chini.

Kamleshri mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa mwaka ule mto Kamla ulipovunja kingo. Shivesh alikuwa mchanga, maji yalikwishashuka, hakuna aliyekufa, na yeye aliketi chumbani humuhumu akitazama alama ya maji ukutani, na mtoto analia, na kilio kinamfikia kama cha kijiji kingine. Hakumwambia mtu. Alichukua kijiti akachora samaki juu ya alama. Akachora mwingine. Alichora mpaka pasibaki mahali pa kutazama, na watu wakaja wakasema, kumbe huyu mtoto ana mkono. Miaka arobaini walimsifu kwa hilo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini haachi nafasi.

"Udongo huu mwepesi," akasema, akaichukua ndoo. "Hautashika."

Akaenda nao kukandika zizi. Ng'ombe hakuwahi kuwa na ukuta mzuri vile.

Walifanya hivi: yungiyungi na mianzi na samaki na kasuku wote wakachorwa ukuta wa mashariki, Kamleshri akiongoza, Vibha akijaza rangi, Kanchan akiwa amekatazwa kuingia na anachungulia. Ukuta wa magharibi ukatundikwa sari ya harusi ya Kamleshri, nyekundu, kutoka dari hadi sakafu. Batasia akaikagua akasema imependeza, itadhaniwa utajiri.

Harusi ikapita vizuri. Waliotarajiwa kununa walinuna, waliotarajiwa kula walikula. Bwana harusi akaingizwa chumbani, na desturi ikamfunga: siku nne halali penginepo, haoni rafiki zake, na chakula chake hakitiwi chumvi mpaka siku ya nne. Siku ya kwanza alikitazama kile chakula kwa heshima. Siku ya pili Kamleshri alipoingia na wali wa saa saba, Batasia nyuma yake na bakuli la maziwa, alikuta sari imevutwa pembeni. Mukund ameketi ameyapa kisogo mayungiyungi yote, ameuelekea ule ukuta wa kijivu.

Bakuli la Batasia likalia kwenye sahani.

"Mama," Mukund akasema, "huu kauchora nani?"

Kamleshri alihisi posa, mahari, kadi mia mbili na jina la nyumba vikimporomoka miguuni. Lakini mke wa kinyozi hajawahi kukosa neno tangu azaliwe.

"Naina-jogin huyo, bwana harusi," Batasia akasema. "Mkubwa wao. Hawa wadogo wa kwenye pembe ni watoto wake. Wa nyumba hii hachorwi uso, anaachiwa jicho tu." Akanyoosha kidole kwenye ule weupe. "Huoni anavyokutazama?"

"Naona," Mukund akasema.

"Ndiyo maana kafunikwa. Si wa kutazamwa na tumbo tupu."

Mpaka jua linazama, habari zilikuwa zimeshavuka reli. Wanawake walikuja kwa makundi, wakajifunika, wakachungulia dirishani. Muuza maziwa alisema jicho lilimfuata mpaka getini na tangu hapo akaogopa kutia maji kwenye maziwa. Kijiji kizima kilikunywa maziwa mazito siku nne mfululizo, na watoto wawili walinenepa. Jino lililokuwa likimuuma Batasia likapoa. Shangazi za bwana harusi wakatuma ujumbe: mchoraji huyo anaweza kuja Sakri kwa harusi ya mwezi ujao? Si yule wa samaki. Yule anayejua kuacha nafasi.

Kamleshri aliupokea ujumbe ule akaubeba jikoni kama mtu aliyekabidhiwa paka wa watu. Miaka arobaini ya samaki.

Siku ya nne chumvi ikarudi. Mukund alikula vipande saba vya samaki wa kweli, wenye haradali, kisha akaomba kuongea na shemeji yake. Vibha akaingia, ushungi umemshuka hadi kwenye paji. Kamleshri akabaki kizingitini, akimenya njegere, mlango ukiwa wazi kama inavyopasa.

"Shemeji," Mukund akasema polepole, "yule si naina-jogin."

Mkono wa Kamleshri ukasimama na ganda la njegere nusu.

Vibha angeweza kusema ndiye. Neno lilikuwa limeshaandaliwa, Batasia ameliosha na kulianika, na kijiji kizima kinalivaa.

"Siye," akasema. "Ni mimi. Mwaka jana."

Kamleshri akasikia sauti ya njegere moja ikibingirika sakafuni hadi ukutani.

Mukund akatikisa kichwa chake chenye masikio makubwa. "Kaka yangu mkubwa hakuja harusini."

"Mlisema yuko Kolkata kikazi," Kamleshri akatamka kutoka mlangoni.

"Yuko Sitamarhi, kwa shangazi, nyuma ya ghala. Haongei tangu Diwali. Tulimpeleka huko ili msije mkavunja posa." Akatazama mikono yake. "Wiki sita nyumba nzima tumejifunza Kolkata. Hata mtoto wa miaka minne anajua aseme Kolkata."

Nje ng'ombe alijikuna kwenye ukuta wake mpya.

"Sisi tulitundika sari," Vibha akasema.

Alianza Mukund kucheka, kwa pua, kama anayezuia. Vibha akafuata, kiganja mdomoni. Kanchan, aliyekuwa anasikiliza dirishani, akaanguka kutoka kwenye tofali alilolipanda.

"Daktari wenu nani?" Mukund akauliza alipopata pumzi.

"Mwanamke mfupi, ana mafua," Kamleshri akasema, akaanza tena kumenya njegere, kwa kasi. "Darbhanga, jengo la nyuma, foleni uanze alfajiri. Kaka yako usimwache aseme 'vizuri'. Akipewa karatasi, kaeni kimya. Na mtu asimtie ndege."

Maharusi wakaondoka siku iliyofuata. Nyumba ikabaki na masufuria ya kuazima, wageni watatu waliosahau kuondoka, na ukuta wa magharibi bila sari. Weupe ulikuwa sasa umefika ukubwa wa mlango. Kamleshri aliutazama. Alijaribu kwenda zake. Alirudi. Mkono ukamwasha, akachukua kijiti, na hapo katikati, kwa mkono wa kushoto, akachora kasuku mmoja mwenye mdomo uliopinda.

Asubuhi kasuku yupo.

Mchana yupo. Kamleshri akasimama mbele yake. Alikumbuka Bhado. Alikumbuka siku tisa. Akatoka mbio, sari imemvuka begani, mwanamke wa miaka hamsini na tisa akikimbia uani mchana kweupe, wageni watatu wakimwangalia.

Vibha alikuwa pampuni. Ndoo imejaa, na yeye ameshaiondoa. Watoto wawili wana povu la sabuni mpaka masikioni, masufuria ya watu yamepangwa kusubiri zamu, na kidonge chake cha mchana kiko kwenye kifuniko cha birika, hajakimeza bado.

"Kasuku yupo," Kamleshri akasema, akihema.

"Nimemwona, mama."

"Hujamfuta."

"Sina nafasi naye leo," Vibha akasema, akamshika mwanawe aliyekuwa anateleza. "Na masufuria yote haya? Labda kesho."

Kamleshri akavuta sari yake begani. Kusema kweli, alijisikia kudharauliwa kidogo. Na yule kasuku alikuwa amemtia hata miguu minne.